Nani Anaziua Betri za Kihagara

Bweni la Wasichana, Mlimani,
Dar es Salaam,
3 Mei 1993

Kaka Wendelin,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu pia kabla hujaendelea kusoma, kwa kuwa baada ya mstari huu sitakuwa na maneno ya adabu.

Unaniandikia kwamba betri za kambi zimekufa tena, na kwamba wageni waliotoka Songea walilala gizani wakaondoka bila kuaga. Unayasema hayo kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mbuzi aliyekata kamba. Kaka, huyo si mbuzi. Huo ni ufuko.

Nakukumbusha, maana naona kikundi chetu kimesahau kwa nini kiliundwa. Kampuni ya watalii imeiandikia wilaya kwamba ufuko wetu ni pori lisilotumika. Pale Mama anapoanika dagaa wake wa usipa, pale mitumbwi ya ukoo mzima inapolala, ni pori. Katika zama hizi za ruksa na soko huria neno hilo moja linatosha: kitu kikiitwa pori, hupatiwa mwekezaji. Sisi hatukujibu kwa machozi. Tulilichukua lile gari la kulala waliloliacha watafiti wa samaki, tukalifanya kambi ya wageni, tukaomba ufuko uandikwe kwa jina la kikundi. Kamati ya ardhi imesema itakuja Julai na italala hapo hapo, ijionee kama kambi ni kambi kweli au ni gari bovu lililoegeshwa mchangani. Ikikuta taa, maji ya bomba la ndani na friji linalogandisha samaki wa mgeni, ufuko ni wetu. Ikikuta giza, ni wa Kampuni. Hakuna njia ya tatu.

Kwa hiyo betri zile mbili ndizo hati yetu ya ardhi, na nyinyi mnaziua.

Nimemsumbua rafiki yangu wa uhandisi hadi akanisomea kitabu chake chote. Sikiliza. Betri haitaki kunyonywa hadi tone la mwisho. Ikifika nusu, zimeni friji, washeni kibatari, mgeni aelewe. Ikishaishiwa isilale hivyo hata siku moja, ijazwe upya mara moja. Maji yakipungua ndani, ongezeni maji safi ya betri yanayouzwa dukani, si asidi, si maji ya ziwa, wala ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kutu. Vichwa vyake vifutwe ule unga wa kijani na kupakwa grisi. Zikae juu ya ubao, penye hewa, mbali na jiko. Na lile bamba la sola lisimame pale uwanjani, lielekee kaskazini, lisipate kivuli hata cha jani.

Nani kati yenu anashindwa haya? Nijibu kwa jina, si kwa methali.

Mdogo wako,
Dafrosa


Kihagara,
19 Mei 1993

Mdogo wangu Dafrosa,

Marahaba. Mama naye ameitikia, akauliza mbona salamu yako imefunga mlango nyuma yake.

Umetaka jina. Hakuna jina. Yote uliyoyaandika tunayafanya. Maji ya betri yanaletwa na Ildefonsi, yule kijana wa kikundi, kutoka Mbinga, naye hayafungui mpaka nimeosha mikono. Vichwa vinang'aa. Ubao upo. Friji linawashwa wageni wakifika na kuzimwa wakilala. Bamba la sola ndilo usiseme: linatunzwa kuliko sahani ya komunyo. Mama mwenyewe ndiye msimamizi wake, na chembe ya vumbi hailigusi. Jua la kiangazi limeshaanza, mawingu hakuna, bamba linaangalia kaskazini kama askari. Na bado, taa zinawaka kidogo, zinageuka rangi ya chai, zinazimika kabla ugali haujaiva. Ildefonsi anasema wageni wetu wanalipia kambi wanapewa Ijumaa Kuu.

Tukaona tupeleke betri Mbinga kwa Mzee Abdulmalik, azijaze kwa jenereta lake. Wewe wamjua kuliko sisi, umelala kwake miaka yote ya sekondari. Zinakwenda na lori hadi Kitai, zinapanda Mbinga, zinarudi na kikaratasi chake kwamba zimejaa. Zikifika hapa zinakufa upesi vile vile, na safari hii upesi zaidi.

Kuna jambo nilisita kuliandika. Ildefonsi alipokwenda kuzichukua aliikuta gari ya Kampuni imesimama mbele ya duka la Mzee. Yule meneja wao alikuwa ameketi kwenye kiti cha ndani, anakunywa kahawa, wanacheka. Ildefonsi alipoingia kicheko kilikatika.

Sisemi kitu. Nasema kilichoonekana.

Kaka yako,
Wendelin


Mlimani,
2 Juni 1993

Kaka,

Shikamoo.

Hukusema kitu kwa sababu hukuthubutu. Nitasema mimi.

Nimelia, kisha nimeona haya kulia, kisha nimekaa mezani nikaandika. Mtu yule alinifunza kutengeneza chai ya tangawizi. Mke wake, Mama Rukaiya, alinisuka nywele kila Jumamosi, na siku baba alipofariki walifunga duka mchana kutwa wakaja hadi Kihagara kunishika mkono. Ndiyo maana hasira yangu haina kipimo. Adui akikupiga unajua alipotoka. Anayekupiga huku anakupakulia wali, utamtazamaje?

Lakini siyo ajabu. Huu ndio mpangilio mpya wa mambo. Zamani mfanyabiashara alijificha. Leo amevikwa taji na kuitwa injini ya maendeleo, na injini haina jirani, ina mafuta tu. Kampuni haihitaji kuleta askari Kihagara. Inahitaji mtu mmoja mwenye jenereta, azijaze betri zetu nusu na kuandika kwamba zimejaa.

Ninaambatanisha tamko. Lisomwe Mbinga siku ya gulio, mbele ya soko, kwa sauti. Lisomwe na wewe, kwa kuwa wewe ndiye mwenyekiti. Usipunguze neno.

"Wananchi wa Mbinga. Mnaoleta betri zenu kwa Abdulmalik Sadiki, jiulizeni mnanunua nini. Sisi wa Kihagara tumenunua giza. Tulipeleka betri kwake zikiwa hai, zikarudi maiti zenye cheti cha uzima. Na wakati huo huo wanaotaka kutupokonya ufuko wanakunywa kahawa ndani ya duka lake. Tunauliza, nani anaziua betri za Kihagara, na analipwa nini? Mwizi wa mfukoni huogopa macho ya watu. Huyu anaogopa mwanga, na ndiyo maana ameamua kutuzimia taa. Tumnyime betri zetu kama alivyotunyima haki yetu."

Kamati inakuja mwezi ujao. Tafuteni mahali pengine pa kuchaji, hata Songea.

Dafrosa


Mbinga Mjini,
12 Juni 1993

Binti Dafrosa,

Salaam. Nilizoea kuanza kwa "mwanangu". Leo kalamu imegoma.

Kaka yako alisimama kwenye kreti ya soda mbele ya soko akasoma maneno yako. Alisoma vizuri. Ulimfunza, au hasira ilimfunza. Nilikuwa napima misumari. Nilipima nikakosea, nikapima tena, mpaka akamaliza. Wenye betri wakaja mmoja mmoja kuzichukua, nyingine hata hazijafika nusu, na hakuna aliyenitazama usoni isipokuwa Mzee Ignatio wa mashine ya kusaga, ambaye alisema, "Abdu, mimi yangu iache, lakini nitakuja kuichukua jioni watu wakipungua." Huyo ndiye rafiki niliyebaki naye, rafiki wa jioni.

Sasa nisikilize, wewe uliyesoma.

Meneja wa Kampuni alikuja dukani. Ndiyo. Alinunua dizeli na kamba, nikamuuzia. Duka langu lina mlango mmoja, wanaingilia wote. Nikamwekea kahawa kwa kuwa kwetu Kilwa mtu hanunui akasimama kama punda. Akaniuliza betri za Kihagara zikoje. Nikamwambia, "Nenda kawaulize wenyewe, mimi si daktari wa kutangaza magonjwa ya watu." Akacheka, nikacheka. Ndipo kijana wenu akaingia. Kicheko kilikatika kwa sababu sikutaka asikie kwamba betri zenu ni wagonjwa, maana nilitaka kumwambia Wendelin mwenyewe. Wendelin hakuja. Lilikuja tamko.

Betri zako, mlizoniletea tena kabla ya tamko, nilizifungua. Nilizijaza usiku na mchana hadi mita ikakataa kupanda. Hazishiki. Sahani zake za ndani zimeota ganda jeupe, na ganda hilo haliletwi na mchaji. Betri hizi hazijaibiwa, zimeshindishwa njaa. Kwangu zinakula siku moja, kwenu zinafunga mwezi mzima. Hata Ramadhani ina futari, binti. Tafuteni huko huko kwenu anayezinyima chakula.

Nazirudisha na lori la kesho. Usizilete tena. Mama Rukaiya hakuwepo sokoni, kwa hiyo amelazimika kuelezwa na majirani. Ametoa kitanda chako kwenye chumba cha uani, ameweka magunia ya maharage.

Abdulmalik Sadiki


Kihagara,
16 Juni 1993

Mdogo wangu,

Tamko nililisoma kama ulivyoagiza. Watu walipiga makofi. Nilipokuwa juu ya ile kreti nilijiona mkubwa. Niliposhuka sikujiona hivyo tena. Mzee hakutoka nje. Nilimwona kupitia mlangoni, anapima misumari.

Mama hasemi nami. Aliposikia, alisema sentensi moja tu: "Mmemtukana mtu aliyebeba jeneza la baba yenu." Tangu hapo namsalimia, anaisalimia sufuria.

Betri zimerudi. Songea hazijakwenda, lori la huko limeharibika. Tutategemea bamba la sola peke yake, na Mungu atusaidie.

Lakini usifikiri tumekata tamaa. Maandalizi ya Kamati yanaendelea vizuri. Mawe ya njia yamepakwa chokaa. Gari la kulala tumelisugua kwa mchanga mpaka linang'aa. Kina mama wa kikundi wametandika vitambaa kila mahali, juu ya redio, juu ya friji, juu ya viti, na Mama amefuma kitambaa kipya cha bamba la sola, kina maua ya buluu na maneno "Karibu Mgeni". Kile cha kwanza, alichokifuma Pasaka, kimepauka kwa jua, maana kinakaa juu ya bamba kutwa nzima, kinatolewa jioni tu wageni wakija ili waone kioo kinavyong'aa. Ni chepesi sana, usihofu. Mwanga unapita, vumbi halipiti.

Nitakuandikia Kamati ikishapanga tarehe.

Wendelin


Mlimani,
27 Juni 1993

Wendelin,

Ondoeni kitambaa.

Acha kusoma. Nenda kakiondoe, kisha rudi umalizie barua.

Umerudi? Sasa kaa, kwa sababu sitaki uanguke. Bamba la sola halioni mwanga kama wewe unavyouona. Pazia jepesi linalokutosha wewe kusomea Biblia kanisani, kwa bamba hilo ni kama blanketi. Tangu Pasaka mmekuwa mnaipa betri ukungu mchana na kuinyonya damu jioni. Ndiyo njaa ambayo Mzee Abdulmalik ameiandika. Nimeipata barua yake na yako katika juma moja, nikaziweka kando kando juu ya meza, nikazisoma kama mtu anayejiangalia akichinjwa.

Nimemwita mwizi hadharani mtu ambaye kosa lake ni kuchaji betri zilizonyimwa jua na kitambaa cha mama yangu mwenyewe.

Nimekukasirikia wewe kuliko ninavyoweza kueleza. Umekaa na bamba lile miezi mitatu, na kila siku saa ya jua kali umelipita likiwa limevaa nguo. Nimeikasirikia pia desturi yetu hii ya kukiheshimu kitu hadi kikashindwa kufanya kazi yake. Redio inafunikwa hadi haisikiki, kochi linafunikwa hadi halikaliwi, vikombe vizuri vinafungiwa kabatini vikimsubiri mgeni asiyekuja, na sisi tunakunywea makopo. Nimemkasirikia Mama na siwezi, kwa hiyo chukua na hasira yake uongezee kwenye yako.

Na mimi je? Mimi nina maktaba nzima. Nilikuandikia bamba lisipate kivuli hata cha jani. Kitambaa nisingekiwaza, kwa kuwa nilikuwa nimeshampata mkosaji, na mkosaji wangu alinifaa: alikuwa tajiri kidogo, alikuwa na duka, alikunywa kahawa na mtu nisiyempenda. Hoja ilikuwa tamu mno nisiipime.

Sasa fanyeni hivi. Bamba lifutwe kila asubuhi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kitambaa kiondoke. Taa zisiwashwe, friji lisiguswe, redio isilie, hadi Kamati ifike. Betri zile zilizoota ganda zinaweza kupona kidogo zikichajiwa polepole kwa siku nyingi mfululizo. Kidogo, Kaka. Siahidi.

Dafrosa


Mlimani,
28 Juni 1993

Kwa Mzee Abdulmalik Sadiki, Mbinga.

Mzee wangu, shikamoo.

Nimegundua kwamba madai niliyoyatoa dhidi yako hayakuwa na msingi wa ukweli. Sababu ya betri kufa ni kitambaa kilichofunika bamba la sola. Ninayafuta madai hayo.

Hata hivyo ningependa uelewe mazingira yaliyoyazaa. Katika kipindi ambacho mali ya umma inagawanywa gizani, raia ana wajibu wa kushuku. Shaka ndiyo silaha pekee ya asiye na kitu. Kosa langu lilikuwa la ushahidi, halikuwa la dhamira, na naamini mtu mwenye busara kama wewe ataona tofauti. Aidha, kahawa na meneja yule, katika wiki zile, ilikuwa ni jambo lililohitaji tahadhari zaidi.

Kamati ya ardhi inakuja Julai. Ufuko ule ni wa watu wanaokufahamu na uliowahi kuwafaa. Ukiona inafaa kutuazima betri nzima kwa siku hiyo moja, historia itakukumbuka vyema.

Mfikishie Mama Rukaiya salamu zangu.

Wako katika kupigania haki,
Dafrosa


Kihagara,
19 Julai 1993

Mdogo wangu Dafrosa,

Natumaini umekaa. Kamati imekuja na imeondoka. Nitakueleza kwa mpangilio, maana Mama yupo hapa pembeni na amesema nikiruka kitu atanipokonya kalamu, ingawa haijui kalamu.

Kitambaa kilitolewa siku ile ile barua yako ilipofika. Mama alisimama akitazama. Akasema, "Kitu cha thamani hakiachwi uchi." Nikamwambia, Mama, hiki kinakula uchi. Akasema, "Basi ni kitu cha ajabu, na aliyekileta angesema." Hapo ndipo alipoanza kusema nami tena, kwa hiyo nashukuru.

Betri moja ilifufuka nusu. Ya pili ilibaki jiwe.

Kamati ilifika na gari la wilaya, na nyuma yao, bila kualikwa, akaja meneja wa Kampuni. Mwenyekiti wa Kamati ni mama wa makamo, mkali, anaitwa Mama Albina. Akakagua kila kitu, akafungua bomba la ndani, akatikisa ngazi. Jioni tukawasha taa. Ziliwaka nyeupe, Dafrosa, nikamwona hata Ildefonsi anafuta macho. Tukawasha friji. Mara tu sahani za ugali na samaki wa mbasa zilipowekwa mezani, taa zikaanza kugeuka chai. Meneja akainua uma wake akasema, "Nasikia kambi hii ni maarufu kwa mishumaa." Mama Albina hakucheka, ila aliandika.

Tukasikia lori linashuka kutoka upande wa Lituhi. Nilijua mlio wake. Ni lori la Mzee Abdulmalik, limekuja kuchukua usipa wa wachuuzi. Angeweza kupita. Alisimama. Alishuka, hakusalimu mtu, hakunitazama mimi kabisa, akamwambia Ildefonsi, "Nipe spana." Akafungua betri moja kati ya mbili za lori lake. Mwenyewe, na kanzu yake. Akaibeba kifuani hadi kwenye gari la kulala, akaifunga mahali pa ile iliyokufa, akaunganisha nyaya, akafunga mlango. Taa zikarudi.

Mama Albina akamwuliza, "Na wewe ni mwanachama wa kikundi hiki?"

Mzee akasema, "La. Mimi ndiye mwizi wa umeme wao. Muulizeni huyu kijana, alinisoma sokoni kwa sauti nzuri sana."

Dafrosa, sikuwahi kutamani mchanga unimeze kama wakati ule. Nikasimama nikasema mbele ya Kamati kwamba yale niliyoyasoma yalikuwa uongo. Mzee akanikatiza, "Usinisafishe kwenye sahani za watu, wanakula."

Mama Albina akauliza, "Kama walikutukana, kwa nini umewapa betri?" Akajibu, "Kwa sababu nimeona mnataka kuhukumu ufuko kwa betri. Betri ni yangu, naijua. Ufuko ni wao, nao wanaujua. Mkitaka kujua kama watu hawa wanaweza kuendesha kambi, waulizeni walichojifunza, msiwaulize walichoharibu." Kisha akamgeukia meneja akasema, "Na wewe, dizeli yako ipo, njoo uichukue, lakini kahawa imekwisha."

Bila betri ile lori lisingewaka, kwa hiyo alilala ndani ya kabini. Mama alimpelekea chakula. Alipokea chakula, hakupokea mazungumzo. Asubuhi aliirudisha betri kwenye lori, lakini ilikuwa imechoka kwa kazi ya usiku kucha, lori likakataa, tukalisukuma mchangani, kikundi chote, na wajumbe wa Kamati, na Mama Albina mwenyewe kaukunja mkono wa gauni. Hata meneja alisukuma, kwa kuwa gari lake lilikuwa limezibwa nyuma ya lori. Likawaka. Mzee akaondoka bila kushuka tena, na betri yetu iliyokufa ikiwa nyuma ya lori.

Kamati imepitisha. Ufuko umeandikwa kwa jina la kikundi. Nimeona kwa macho yangu muhuri unagongwa.

Nilidhani nitafurahi kuliko hivi.

Kaka yako,
Wendelin


Mbinga Mjini,
26 Julai 1993

Dafrosa,

Barua yako ya mwezi uliopita nilikuwa nayo mfukoni nilipokwenda Kihagara. Nataka ulijue hilo, usije ukafikiri ndiyo iliyonipeleka. Nusura inirudishe njiani.

Umeandika kwamba unafuta madai. Madai hufutwa mahakamani. Mimi hukunidai, ulinitukana. Umeandika historia itanikumbuka vyema. Sikai na historia mimi, nakaa na Mzee Ignatio, na watu wa soko, na mke wangu. Umeandika kahawa ile ilihitaji tahadhari. Katika kuomba radhi, binti, ulipata nafasi ya kunionya.

Nilitoa betri kwa sababu nilimwona mama yako amesimama nje ya gari lile na sahani mkononi, na taa zinamzimikia usoni mbele ya wageni. Hilo tu. Kama ungekuwa umesimama wewe, sijui. Nadhani ningetoa pia, lakini ningekawia kidogo.

Wateja wamerudi wengine. Wengine hawajarudi, maana aliyesikia tuhuma sokoni hakuwepo Kihagara kusikia habari za kitambaa. Maneno yako yana miguu mirefu kuliko lori langu. Wendelin ameomba kuja kusoma barua nyingine ya kunisafisha. Nimemkataza. Nimechoka kusomwa.

Ulimi wako ulinituhumu ukiwa mbali, umekaa kitini, una taa ya serikali juu ya meza. Ukiwa na la kuniambia, lilete kwa miguu. Siku ya gulio, mchana, duka likiwa limejaa. Simama mbele ya meza ya misumari, useme kwa maneno machache, ya kwetu, bila dhamira wala mazingira. Nitakujibu papo hapo, na pengine jibu langu hutalipenda.

Usinijibu barua hii. Kuanzia leo zitakazokuja zitarudi zilivyo.

Betri yenu iliyokufa ninayo, nitaiuza kwa wanaoyeyusha madini ya risasi. Ile hai muendelee kuilisha.

Abdulmalik


Mlimani,
8 Agosti 1993

Kaka,

Shikamoo.

Chuo kimefungwa. Naondoka na basi la kesho.

Usinisubiri Kitai na usimtume Ildefonsi. Sitashuka hapo kuja ziwani. Nitapitiliza hadi Mbinga. Nimehesabu, nitafika usiku wa kuamkia gulio, na nitalala nyumba ya wageni ya karibu na stendi, maana sina haki ya kubisha kwingine.

Nimejaribu kuandika nitakachosema. Kila nikiandika kinakuwa tamko. Nimechana karatasi zote, na bado nina hasira, na safari hii sina wa kumrushia. Kwa hiyo nitakwenda bila karatasi.

Mwambie Mama nitafika Kihagara baada ya hapo, siku hiyo hiyo au kesho yake, kutegemea nitakavyojibiwa. Usije Mbinga kunisindikiza. Ulipanda kreti ile kwa agizo langu. Kwenye meza ya misumari nitasimama peke yangu.

Dafrosa